Inua Antena Kwanza

Fundi, kile kibao cha redio kidogo kuliko kiberiti, ambacho karatasi yake inakuahidi mita mia chache tu, kinaweza kuvuka bonde zima la Nakivale. Nasema hivi bila kutia chumvi. Mwaka 2017, huko Ulaya, kibao cha jamii hiyo kilipandishwa angani kwa puto kikitoa nguvu ya miliwati 25, na ujumbe wake ukapokelewa umbali wa kilomita 702. Miliwati 25! Tochi ya simu yako inakula umeme mara nyingi zaidi ya hapo. Hakuna aliyekiongezea nguvu. Kilipewa kimo, kikapata njia nyeupe isiyo na kizuizi mpaka kwa msikilizaji.

Ninawaandikia ninyi vijana wa Nakivale, wa Base Camp, Juru na Rubondo, mnaozifufua simu za watu kwa bisibisi na kichomeo kimoja. Ninawaandikia pia ninyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, mnaokokotoa mawimbi kwenye karatasi za mitihani. Kati yenu kuna safari ya saa chache tu, na kuna kazi kubwa inayowangoja pande zote mbili.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yalianza 1958. Yana eneo la takriban kilomita za mraba 185, vijiji 79, na watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Katika eneo la ukubwa huo habari nyingi za lazima bado zinatembea kwa miguu. Tanki limejaa au limekauka? Mtu anapanda kuchungulia. Friji ya chanjo ilibaki kati ya nyuzijoto 2 na 8 usiku kucha? Mhudumu anasoma kipimajoto asubuhi na kuandika daftarini. Yaliyotokea saa nane za usiku hayajui. Mvua imenyesha kiasi gani upande wa pili wa kilima? Unamuuliza aliyetoka huko. Na tanki likikauka bila mtu kujua, anayelipa ni mama aliyefika na madumu yake, akangoja, akageuka nayo yakiwa matupu.

Habari hizi ni fupi mno, tarakimu mbili tatu kila robo saa. Haziombi bando wala mnara mpya wa kampuni ya simu. Zinaomba redio ndogo inayofika. Basi tuifikishe.

Kifaa kisipofika, wazo la kwanza huwa ni kuongeza nguvu. Hesabu inalikataa wazo hilo. Mahali pa wazi, ukitaka umbali mara mbili, nguvu lazima iwe mara nne. Ukitaka mara kumi, iwe mara mia. Betri itakufa mapema, kibao kitachemka, na utakuwa umekanyaga sheria ya masafa kabla hujafika kijiji cha pili. Nguvu ni njia ya gharama kubwa kuliko zote, na mimi ningeiweka mwisho kabisa wa orodha.

Agosti 2004, huko Santa Monica, California, watafiti wa usalama walielekeza antena kubwa kwenye simu ya kawaida yenye Bluetooth. Simu yenyewe haikufunguliwa wala kuongezewa kitu. Bluetooth ya simu za wakati ule ilihesabiwa kuwa ya mita 10 hivi. Wao walizungumza nayo wakiwa umbali wa kilomita 1.78. Lengo lao lilikuwa kuonyesha udhaifu wa simu zile, lakini fundi wa redio anapata humo jambo jingine kabisa: antena nzuri upande mmoja tu inasaidia njia zote mbili, kwenda na kurudi. Inarusha vizuri na inasikia vizuri kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo huhitaji antena ya bei kwenye kila tanki na kila friji. Weka moja ya maana kwenye lango, yaani kile kituo kinachokusanya ujumbe wa vihisi vyote, na vihisi ishirini vyenye kipande cha waya vitafaidika nayo.

Na hicho kipande cha waya kikatwe kwa kipimo. Hapa ndipo ninapoona umbali mwingi ukipotea, na hapa ndipo mikono yenu ina faida kuliko pesa ya mtu yeyote. Waya wa antena ya kawaida huwa robo ya urefu wa wimbi. Kwa redio ya megahezi 433 ni sentimita 17.3. Kwa megahezi 868 ni sentimita 8.6. Kwa zile za gigahezi 2.4, jamii ya Wi-Fi na Bluetooth, ni sentimita 3 na kidogo. Chukua waya mmoja wa shaba kutoka kwenye kebo ya umeme wa nyumba, unyooshe, upime kwa rula, uache milimita chache za ziada, uchomelee, kisha punguza kidogo kidogo huku mwenzako akisoma nguvu ya ishara upande wa pili. Chini yake chomelea nyaya nne za urefu huohuo, zimetawanyika na kuinama kama mbavu za mwavuli. Umemaliza. Antena hiyo, ikiwa imesimama wima, itaishinda ile ya springi iliyokuja na kibao, ambayo mara nyingi imekunjwa ili ienee kwenye boksi, bila kujali itasikia nini.

Isimame wima, na ya upande wa pili isimame vilevile. Moja ikisimama na nyingine ikilala, unaweza kupoteza sehemu kubwa ya ishara bila kitu chochote kuharibika, na utazunguka siku nzima ukilaumu betri. Bati la paa nalo linataka akili. Likiwa kati ya kihisi na lango linaziba. Likiwa chini ya antena iliyofungwa vizuri juu yake, linasaidia, kwa sababu antena ya robo wimbi inapenda uwanja wa chuma miguuni pake. Kihisi kilichowekwa ndani ya kibanda cha mabati kitoeni nje, juu ya paa, hata kama ni kwa mti wa mita mbili tu.

Kuna kosa moja ambalo mafundi hodari hulifanya kwa nia njema. Anapandisha antena juu ya mlingoti mrefu, halafu anaacha redio chini ndani ya chumba na kuziunganisha kwa kebo nyembamba ya koaksia. Mita 10 za kebo ya RG-58, kwenye megahezi 868, hula takriban desibeli 5, yaani karibu theluthi mbili ya nguvu imepotea kabla ya kufika kwenye antena. Pandisha redio yenyewe. Iweke kwenye chombo cha plastiki, lile kopo la mafuta ya kupikia linafaa sana, funga mfuniko, toboa tundu dogo upande wa chini ili jasho la joto litoke, na ulizibe kwa kipande cha chandarua maana nyigu hawakawii kujenga. Kinachoshuka chini kiwe waya wa umeme tu, ambao hauna neno. Usitumie kopo la bati, maana redio itazikwa humo.

Sasa kimo. Antena iliyo mita 2 juu ya tambarare ina upeo wa redio usiofika kilomita 6. Ipandishe mita 10, upeo unakuwa kilomita 13 hivi. Na ninyi mmezungukwa na vilima! Kilichowekwa kilimani kimeshapewa mamia ya mita bure na Mungu. Ila msidanganyike na jicho. Kuuona mlima wa pili hakutoshi, kwa sababu wimbi halipiti kwenye mstari mwembamba. Linatumia nafasi pana katikati ya njia. Kwa kiungo cha kilomita 5 kwenye megahezi 868, nafasi hiyo pale katikati ina takriban mita 20 kutoka kwenye mstari kwenda kila upande, na walau asilimia 60 ya hizo inapaswa kuwa wazi. Migomba ikiingia humo, majani yake yamejaa maji, na maji hunywa mawimbi, hasa yale ya gigahezi 2.4. Isingiro yote ni matoke. Kwa hiyo mawimbi yapite juu ya mashamba, yasipite ndani yake.

Uchaguzi wa masafa nao unasaidia. Kwa nguvu ileile na antena za aina moja, mahali pa wazi, megahezi 868 huenda karibu mara tatu ya gigahezi 2.4. Ukiachana na Wi-Fi kwa kazi ya kihisi, umbali umeshaongezeka kabla hujapanda ngazi.

Halafu kuna jambo la kusema polepole, na mimi hulipenda kuliko yote. Teknolojia ya LoRa ilianzia Grenoble, Ufaransa, katika kampuni ndogo iliyoitwa Cycleo, ambayo Semtech waliinunua mwaka 2012. Siri yake ni kwamba kila kipande cha ujumbe kinanyooshwa kwa muda mrefu na kusambazwa kwenye masafa mengi, hata mpokeaji anaweza kukitambua kikiwa chini ya kelele za hewani. Ujumbe wa baiti 20 ukitumwa kwa mwendo wa haraka wa LoRa unachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukitumwa kwa mwendo wa taratibu kabisa, unachukua zaidi ya sekunde moja. Kwa video huo ni msiba. Kwa tanki la maji ni sawa kabisa, kwani tanki halina haraka. Angalia tu kila kihisi kisijipe mwendo wa kobe bila sababu, maana hewa ni ya wote na betri hulipia kila sekunde; kilicho karibu kiseme haraka kinyamaze, kilicho mbali ndicho kipewe muda.

Mtu atauliza kama haya yamewahi kufanywa na watu kama sisi. Yamefanywa, tena hapahapa.

Mwaka 2007, kaskazini mwa Uganda, vita vya waasi wa LRA vilikuwa vimewarundika watu kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Mradi wa BOSCO, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ulianza kuunganisha kambi hizo kwa Wi-Fi ya masafa marefu na umeme wa jua. Hapakuwa na gridi ya umeme. Palikuwa na milingoti, antena zilizoelekezwa mahali sahihi, na kompyuta zinazokula umeme kidogo. Watu waliokatwa na barabara zisizopitika wakaanza kuandikiana. Wi-Fi ile ni ndugu ya ile inayokatika ukitoka nje ya mlango wa nyumba. Tofauti ilikuwa antena na kimo. Mwaka huohuo 2007, nchini Venezuela, mtaalamu wa mitandao Ermanno Pietrosemoli na wenzake walitumia ruta za kawaida za nyumbani na antena kubwa juu ya milima miwili, wakapata kiungo cha kilomita 382.

Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, waliendesha mradi wa WIMEA-ICT. Vituo vya hali ya hewa vya kununua nje ni vya bei ya kutisha, wakaamua kuunda vyao. Kituo chao kiligawanywa kwenye redio ndogo ndogo: moja mita 10 juu kwenye mlingoti kwa ajili ya upepo, moja mita 2 kwa joto na unyevu wa hewa, moja karibu na ardhi kwa mvua na udongo, zote zikizungumza na lango. Redio zenyewe ni za jamii ile inayodharauliwa, nguvu kidogo na umbali mfupi. Wanafunzi na walimu wa Afrika Mashariki waliziunda, wakazijaribu kwenye jua na mvua yetu, wakaona zinapofeli, wakazirekebisha. Hiyo ndiyo elimu ninayoitaka Mbarara pia.

UNHCR nao, wimbi la wakimbizi wa Sudan Kusini lilipoujaza mkoa wa kaskazini, walifunga vipimo vyenye redio za LoRa kwenye matanki ya maji ili wajue kila tanki lina kiasi gani bila kutuma mtu. Nchini Rwanda, jirani yetu, Hifadhi ya Akagera iliweka mtandao wa aina hiyo mwaka 2017 kufuatilia magari, askari wa wanyamapori na mali za hifadhi. Akagera ni pori na Nakivale ina watu. Ikiwa pori limepata, watu wasikose.

Sasa niseme na Mbarara waziwazi. Chuo chenu kilianzishwa 1989 kwa jina lenye sayansi na teknolojia ndani yake. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatafuta mada ya mradi, na miradi mingi huishia kwenye rafu ikiwa imefungwa jalada zuri. Mwalimu, mtume mwanafunzi wako Nakivale. Asiende kuwafundisha watu. Aende na hesabu zake akakae kwenye kibanda cha fundi ambaye anaweza kubadilisha chipu ya simu kwa jicho. Mmoja anajua kwa nini antena inafaa kuwa robo wimbi, mwingine anajua kuifanya idumu kwenye vumbi, upepo na mikono ya watoto. Hakuna kati yao anayeweza kufika peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, itumieni. Opportunigee, kituo kilichoanzishwa na vijana wakimbizi Nakivale kwenyewe, kimeshaonyesha kwamba makazi haya yanazaa waanzilishi wa mambo.

Na kuna maji yanayowaunganisha tayari. Mto Rwizi unashuka kutoka vilima vya Buhweju, unapita Mbarara, ambako mji unakunywa, kisha unaelekea kwenye mfumo wa maziwa ya Mburo, Nakivale na Kachera. Maji mengi ya makazi yanatoka Ziwa Nakivale, yanasafishwa na kusukumwa kwenda kwenye vituo vya kuchotea. Kina cha mto kikishuka Mbarara, Nakivale ina haki ya kujua mapema. Kipimo cha kina cha maji, redio ya miliwati 25, paneli ya sola ya ukubwa wa daftari, na vituo viwili vitatu vya kupokezana juu ya vilima: hiyo ni kazi ya wahandisi wa Mbarara na mafundi wa Nakivale wakiwa meza moja, na sioni ni nani mwingine ataifanya kwa ajili yenu.

Mambo mawili ya adabu kabla ya kupanda kilima. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ndiyo inayosema masafa gani yameachiwa vifaa vya nguvu ndogo na kikomo chake ni kipi. Ulizeni, kwa sababu antena inayokusanya nguvu upande mmoja huhesabiwa katika kile kinachotoka hewani, hata kama kibao chako hakikubadilika. Na kilima kina wenyewe. Nenda kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, pale Base Camp, nenda kwa mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji, RWC, keti na wazee, fungua kopo lako waone kilichomo, uwaambie kinapima maji na hakisikilizi mazungumzo ya mtu. Watu waliokimbia vita wana sababu ya kuogopa boksi lenye antena lililofungwa juu ya mti usiku. Likifungwa mchana, mbele yao, watalilinda wao wenyewe.

Basi Jumamosi hii tafuteni vibao viwili vya LoRa. Mmoja wenu abaki na cha kwanza juu ya jukwaa la tanki, antena yake imekatwa na imesimama. Wa pili atembee na cha pili akiwa na daftari na kalamu. Kila hatua mia asimame, asome nguvu ya ishara, aandike namba na mahali: penye migomba, nyuma ya mabati, kwenye njia ya ng'ombe, juu ya tuta. Namba itashuka hadi hasi 100, hasi 110. Usirudi. LoRa kwenye mwendo wa polepole bado inasoma hata hasi 130, kwa hiyo endelea kupanda. Ishara ikikatika, inua mkono wenye kibao juu ya kichwa chako, uone inavyorudi. Rudia njia ileile antena ikiwa imepandishwa mita tano zaidi, uandike namba mpya kando ya zile za mwanzo. Kwa jioni moja mtakuwa na ramani ya mawimbi ya kijiji chenu ambayo hakuna kampuni wala shirika linayo. Ibandikeni kwenye ukuta wa kibanda, muipige picha, na Jumatatu nakala yake ifike kwa walimu wa chuo cha Mbarara, kampasi ya Kihumuro, na swali moja limeandikwa chini yake: kituo cha kwanza cha kupokezana tukifunge kilima kipi?